Ganzi na Kisunzi: Kiangazi Nilichoshona kwa Macho

Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga. Nilianza kushona nikiwa na miaka 16, na kwa muda wote huo vidole vyangu ndivyo vilivyokuwa vikinisomea vitambaa. Popolini, satini, lesi, kitenge chenye nta na kile cha kuigiza, nilivitambua hata umeme ukikatika. Mwezi wa pili mwaka 2022, katikati ya joto la kaskazi na rundo la sare za shule zilizokwisha kuchelewa, vidole hivyo viliacha kusema nami.

Kilianza kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto pamoja na cha pete, Alhamisi asubuhi. Nikadhani nimeulalia mkono. Kufika alasiri kiganja kizima kilikuwa kama kimevishwa soksi nene. Ijumaa ganzi ikapanda hadi kwenye kiwiko, na unyayo wa kushoto nao ukafa. Jumamosi niliamka nimefungwa mkaja.

Wanawake waliozaa watanielewa nikisema mkaja. Ule ubana wa kitambaa unachofungwa baada ya uzazi, kuanzia chini ya maziwa mpaka kiunoni, na anayekukaza ni shangazi mwenye mikono ya nguvu. Mimi sikuwa nimejifungua na hapakuwa na kitambaa. Nilipapasa kifuani usiku mzima nikitafuta cha kufungua. Madaktari wana jina lao kwa hali hiyo, mimi nimebaki na mkaja kwa sababu ndivyo hasa unavyobana, hata pumzi unaivuta kwa mafungu.

Jumapili alfajiri, nilipogeuka ubavu ili niamke kusali, chumba kikaanza kuzunguka.

Kabla sijasimulia hiyo Jumapili, niseme nilikuwa nikijua ninaumwa nini. Ugonjwa wangu ni maltipo sklerosisi, na sisi wenye nao tunauita MS. Daktari wa neva aliyenipa jina hilo, Dar es Salaam mwaka 2019, alichukua waya wa chaja ya simu uliokuwa mezani kwake, umechubuka shingoni. Akaniambia neva nyingi za ubongo na uti wa mgongo zina ganda la mafuta linaloitwa mayelini, linalofanya ujumbe upite upesi bila kuvuja. Kwa mtu mwenye MS, kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, hugeuka ikalichuna ganda hilo, leo hapa, mwaka ujao pale, na palipochunwa huweza kubaki kovu. Mimi nikamwambia, dokta, ni kama koti lililochanika bitana, nje linaonekana zima. Akacheka, akasema nimeelewa.

Mpaka kufika kwake nilikuwa nimezunguka miaka mitatu. Mwaka 2016 jicho la kulia lilififia kwa wiki kadhaa, rangi nyekundu ikawa kama imefuliwa mara nyingi, kisha likapona lenyewe. Mwaka 2018 miguu yote miwili ilikufa ganzi kuanzia kiunoni. Nilitibiwa taifodi mara mbili. Nilichomwa sindano za vitamini. Mkwe wangu, kwa nia njema kabisa, alinipeleka kusomewa. Hakuna aliyelihusisha jicho na miguu, nami mwenyewe sikulitaja jicho kwa sababu lilishapona. Ndiyo maana nikikutana na mtu mwenye ganzi isiyoeleweka, swali langu la kwanza siku hizi ni kama jicho lake limewahi kufifia.

Dar es Salaam nilipigwa picha ya MRI ya kichwa na ya shingo, nikachukuliwa maji ya uti wa mgongo. Ndugu zangu walipinga ile sindano wakisema inalemaza. Haikunilemaza, iliniachia kuumwa kichwa siku mbili tu. Damu ilipimwa mambo mengi, yakiwemo upungufu wa vitamini B12, kaswende na virusi vya UKIMWI, maana yote hayo yanaweza kujifanya MS. Ikapimwa pia kwa ajili ya ugonjwa mwingine unaofanana nao sana, unaoshambulia neva za macho na uti wa mgongo. Huo nao tusiudharau, kwa sababu baadhi ya dawa za MS humzidishia mgonjwa wake. Yote yalipotoka, jina likabaki moja. Jean-Martin Charcot, daktari wa hospitali ya Salpêtrière mjini Paris, aliueleza ugonjwa huu mwaka 1868. Ulikuwa umejulikana kwa miaka 151 siku niliposikia jina lake kwa mara ya kwanza.

Ni kweli ni ugonjwa unaopatikana zaidi kwenye nchi za baridi, mbali na ikweta, na wanawake tunaupata mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume. Lakini kuwa adimu si sawa na kutokuwepo. Nilikuwa na miaka 29 ulipoanza kunigusa, umri ambao ndio wake hasa, kati ya miaka 20 na 40.

Sasa turudi kwenye ile Alhamisi. Sikukimbilia hospitali, na kulikuwa na sababu. Mtu mwenye MS akiishi pwani hujifunza kwamba joto hulifumua kovu la zamani. Mwaka 1890 daktari wa macho wa Ujerumani, Wilhelm Uhthoff, aliandika juu ya wagonjwa ambao macho yao yalififia kila walipofanya kazi ya kuchosha, na baadaye ikaeleweka kwamba shida ni kupanda kwa joto la mwili. Neva iliyochubuka ganda hupitisha ujumbe kwa taabu, na mwili ukipata joto hata kidogo, ile taabu inashinda. Mimi kila kaskazi likivuma, kuanzia Desemba hadi Machi, miguu hurudia ile ganzi ya 2018. Nikikaa kivulini nimejifunika kanga mbichi, saa moja haipiti imeondoka. Homa hufanya vilevile, na U.T.I. hufanya vilevile hata kabla hujahisi mkojo kuchoma. Huo si ugonjwa mpya. Ni majivu ya zamani yamepulizwa.

Kwa hiyo Alhamisi ile nilijaribu kwanza kanga mbichi. Nikakaa mbele ya feni, miguu kwenye beseni la maji. Saa moja, saa mbili. Ganzi haikusogea. Zaidi ya hapo ilikuwa mahali pasipowahi kuguswa: mkono wa kushoto haukuwahi kunisumbua. Daktari alikuwa ameniachia vipimo vya kukumbuka. Dalili mpya, au ya zamani iliyozidi sana, ikidumu zaidi ya saa 24 bila homa wala maambukizi, na iwe imepita angalau siku 30 tangu shambulio lililotangulia, basi huo ni moto mpya. Ijumaa jioni nilijua ni moto mpya.

Niongeze hapa jambo ambalo sitaki mtu alichanganye. Ganzi yangu ilipanda kwa siku tatu. Ganzi ya upande mmoja inayokuja ghafla, ndani ya dakika, na mdomo umepinda au maneno hayatoki, hiyo usiijaribie kanga mbichi. Hiyo inaweza kuwa kiharusi, na unakimbizwa hospitali papo hapo.

Jumapili, basi. Kizunguzungu cha njaa nakijua. Cha kwinini nakijua, na cha mimba pia. Hiki kilikuwa kisunzi chenyewe: dari lilikuwa likikimbia kuelekea kulia bila kufika, na kitanda kikining'inia kama ngalawa iliyopigwa ubavu. Nilishika godoro kwa mkono mmoja unaohisi na mwingine usiohisi, nikawa sina hakika kama ule wa pili umeshika kweli. Nilitapika hadi nyongo. Nikifumba macho, mwendo unazidi. Nikiyafumbua, vitu vinakimbia. Mwanangu wa miaka tisa aliinama karibu na uso wangu, akasema, "Mama, macho yako yanachezacheza." Na kweli yalikuwa yakirukaruka upande mmoja, mimi nikidhani ni ukuta.

Kilichonipa nafuu ya kwanza ni msumari. Ukutani, mkabala na kitanda, kulikuwa na msumari wa kutundikia futi kamba. Nilikaza macho pale, kichwa kimetulia kwenye mto ulioinuliwa, nikakataa kutazama kingine chochote. Haikukomesha kisunzi, ila ilikipunguza kasi. Tangu siku ile nimewaambia wengi: usitafute chumba cheusi ukafumba macho ukidhani utapumzika. Tafuta kitu kimoja kidogo kilichotulia, ukikamate kwa macho. Ukigeuka, geuka mwili mzima kwa pamoja, polepole, kichwa kisitangulie. Ukiinuka, kaa kwanza kitandani mpaka sakafu itulie, ndipo usimame. Na kwenda chooni siku mbili zile nilitambaa. Choo chetu kipo uani, na kutambaa uani mbele ya wapangaji si jambo dogo kwa mama mtu mzima, lakini anayetambaa haanguki.

Jumatatu mume wangu alinipakia kwenye bajaji. Njia nzima nilikaza macho kwenye kola ya shati la dereva nikihesabu mishono yake. Ilishonwa vibaya, uzi umeruka mara nne, na nalishukuru shati lile mpaka leo.

Hospitalini walitaka kunianzishia dawa ya malaria kabla ya majibu. Nilikuwa na barua ya daktari wa Dar es Salaam kwenye mfuko wa plastiki, pamoja na picha za MRI, na mume wangu akampigia simu daktari huyo mbele yao. Mambo yakabadilika. Nawasihi wenzangu wenye ugonjwa usiojulikana sana: ile barua iwe nyumbani mahali ambapo hata mtoto anaijua. Siku ambayo dunia inazunguka huwezi kuanza kusimulia historia yako tangu 2016.

Walipima mkojo na malaria kwanza, kwa sababu steroidi, ile dawa kali inayotuliza shambulio la MS, hushusha kinga na ukimpa mtu mwenye maambukizi unaweza kumwongezea. Walinipa na dawa ya minyoo. Nilishangaa, nikaelezwa kwamba kwenye nchi zetu za joto kuna mnyoo mdogo anayeweza kukaa tumboni miaka bila dalili, na steroidi humfungulia njia ya kusambaa mwili mzima. Majibu yalipokuwa safi, nikaanza dripu ya methiliprednisoloni, ndiyo hiyo steroidi, gramu moja kila siku kwa siku tano.

Dripu hiyo huacha mdomoni ladha kama umemung'unya sarafu. Usingizi unakimbia. Saa nane za usiku nilikuwa macho makavu, moyo unakwenda mbio, nikipanga kichwani mikato ya madera ambayo hakuna aliyeyaagiza. Siku ya nne nililia kuanzia adhuhuri hadi magharibi bila sababu niliyoweza kuitaja. Muuguzi mmoja mtu mzima alikaa kitandani kwangu, akaniambia, "Mwanangu, hiyo ni dawa inalia, siyo wewe." Laiti ningeambiwa siku ya kwanza.

Kitu kikubwa nilichoelezwa pale ni kwamba dawa hii huharakisha kupona, lakini haibadilishi utapona kiasi gani mwishowe. Nimekutana na dada mmoja anayeishi mbali na hospitali, shambulio lake lilimkuta masika, barabara haipitiki, hakuipata dripu, na kwa miaka anajilaumu kwamba ganzi iliyombakia ni kosa lake. Si kosa lake.

Nikarudi nyumbani. Kisunzi kilikuwa kimepungua kuwa mwendo wa kuyumba, ganzi iko palepale. Hapo ndipo nilipoanza kujifunza kuazima.

Somo la kwanza lilikuja na sufuria. Nilikuwa nimeteleka chai, nikaiepua kwa kitambaa kilichokunjwa vibaya. Sikuhisi kitu. Jioni mwanangu akaniuliza mbona kidole kina lengelenge. Nilikitazama kidole changu kama cha mtu mwingine. Tangu hapo maji ya kuoga nayapima kwa mkono wa kulia au kwa kiwiko chake, pasi naishika kwa kulia peke yake, na kila usiku, kabla ya kulala, nautazama mkono wa kushoto na unyayo wa kushoto chini ya taa, pande zote, kama unavyomkagua mtoto mchanga.

La pili lilikuja na ndala. Nilitoka nyumbani kwenda kibandani kwangu, mwendo wa dakika kumi, nikafika na ndala moja. Mguu wa kushoto ulikuwa wazi umejaa vumbi na mimi sijui ulivuka wapi. Nilirudi nikiitafuta, nikaikuta karibu na mlango wa duka la mangi. Ndala nikaziacha. Nikanunua makubazi yenye mkanda wa nyuma, yanayokamata kisigino.

La tatu lilinitisha zaidi. Bafuni, nimepaka uso sabuni, nimefumba macho, nikaanguka kwenye ndoo. Mtaalamu wa fiziotherapia, yaani wa mazoezi ya viungo, alinieleza baadaye kwamba mwili hujishikilia wima kwa nguzo tatu: sikio la ndani, nyayo zinazohisi ardhi, na macho. Zangu mbili zilikuwa na hitilafu. Nilikuwa nasimama kwa macho peke yake, na nilipoyafumba nikaiondoa nguzo ya mwisho. Basi uso naunawa nimekaa kwenye kigoda. Usiku taa ya sola inabaki inawaka kona ya chumba, kwa kuwa giza kwangu lilikuwa ni kuanguka.

Kazini nilirudi wiki ya tatu, mapema kuliko nilivyoshauriwa, kwa sababu wazazi walikuwa wameshalipa na watoto wanakwenda shule na sketi za mwaka jana. Cherehani yangu ni ya miguu. Wanaoijua watajua: ukikanyaga bila mpangilio gurudumu linarudi nyuma, na likirudi nyuma uzi unakatika. Mguu wangu wa kushoto haukuwa ukiniambia uko juu au chini. Asubuhi ile ya kwanza nilikata uzi mara kumi na saba kwenye mshono mmoja wa ubavuni. Binti ninayemfundisha kazi alikuwa anatazama chini asinione.

Nikachukua chaki, nikachora mstari mweupe kwenye gurudumu la juu. Nikawa nautazama ule mstari badala ya kuusikiliza mguu: mstari ukija upande wangu, nakanyaga. Macho mawili, kazi mbili, moja kwenye mstari na moja kwenye sindano. Ilikuwa kazi ya kuchosha kupita maelezo, nikishona sketi moja nahitaji kulala saa nzima. Baada ya siku chache masikio nayo yakaingia, nikaanza kuisikia cherehani inapotaka kurudi nyuma. Kidole cha kushoto kinachosukuma kitambaa nilikivisha subana, maana sindano ingenipita hadi kwenye ukucha nisijue.

Na kitambaa chenyewe? Kujua upande wa nyuma na wa mbele, kujua nyuzi zimelala wapi, kujua kama ni pamba kweli? Nilikuwa nikikosea. Siku moja, kwa hasira, nilijifuta machozi na kipande cha popolini, nikashtuka. Shavu lilikihisi! Lilinieleza kila kitu ambacho vidole vilikuwa vikinieleza, hata ule ukwaru mdogo wa ukingoni. Nikaanza kukipitisha kila kitambaa shavuni kabla sijakiwekea mkasi. Wateja wengine walidhani nakinusa.

Kulikuwa na aibu nyingine ambayo wanawake wa mji kama huu tunaijua uzito wake. Nilikuwa nikitembea nayumba. Mji wenyewe ni wa heshima, mimi mama wa watu, nimejitanda, na ninapepesuka mchana kweupe. Nilisikia vijana wa kijiweni wakisema nimelewa. Nilikaa ndani siku tatu. Kisha baba yangu, ambaye hasemi mengi, aliniletea bakora yake ya mpingo. Kumbe watu wakiona bakora wanaona mgonjwa. Ilinishika mimi na ilizishika pia ndimi za watu, na mpaka leo sina hakika ni ipi kati ya kazi hizo mbili ilikuwa kubwa.

Sala pia ilibidi niijifunze upya. Nikiinamisha kidevu kifuani kwenye rukuu, umeme ulikuwa ukishuka kutoka shingoni hadi kwenye vidole vya miguu, mshindo mmoja, kisha basi. Mara ya kwanza nilipiga kelele. Ni dalili ya kovu lililo kwenye uti wa mgongo wa shingo, haiongezi madhara kila inapotokea, lakini hakuna aliyekuwa amenitahadharisha. Na sijida ilirudisha kisunzi. Mjomba wangu, ambaye ni mwalimu wa madrasa, aliniambia mgonjwa anasali amekaa, na akishindwa, kwa kuashiria, na wala thawabu yake haipungui. Nilisali kwenye kiti miezi mitatu. Nilikuwa nikiona haya mbele ya wenzangu. Sasa sioni.

Dawa ya kutuliza kisunzi, sinarizini, nilipewa ya siku chache tu. Nilitaka kuendelea nayo kwa kuwa ilinisaidia. Mtaalamu wa fiziotherapia akakataa, akasema ubongo unapaswa kuionja ile hitilafu ili ujifunze kuisawazisha, na ukiunyamazisha kwa muda mrefu hautajifunza. Alinipa mazoezi: kunyoosha mkono, kukaza macho kwenye kidole gumba, na kugeuza kichwa kushoto na kulia bila macho kukiacha kidole. Nusu dakika, mara kadhaa kwa siku. Wiki ya kwanza nilitapika baada ya zoezi. Kisha kutembea kwenye mstari wa vigae, kisigino kikigusa vidole, dada yangu yuko pembeni tayari kunidaka. Yote haya nilifanya asubuhi mapema kabla jua halijapata nguvu, kwa sababu ile ya joto niliyoieleza.

Ganzi iliondoka kama maji yanavyokupwa. Mkaja ulifunguka wiki ya tano. Unyayo ulirudi kidogokidogo, kwanza kwa kuwaka moto, kisha mchonyoto, kisha nikauhisi mchanga. Mkono ukafuata. Kidole cha mwisho na cha pete havikurudi vyote, ncha zake mpaka sasa zimefunikwa na ile soksi.

Mwezi wa tano, nilipodhani nimevuka, niligeuka kitandani usiku na chumba kikazunguka tena. Nililia kabla hata hakijatulia. Nikawa tayari nimeshajihesabia dripu tano nyingine na sare zisizoshonwa. Lakini kilidumu chini ya dakika moja, kikakoma kabisa. Nikigeukia kulia kinakuja, nikigeukia kushoto hakiji. Yule mtaalamu alinilaza kwa ghafla, kichwa kimegeuzwa kulia, akayatazama macho yangu, akasema huu si ugonjwa wako. Ndani ya sikio kuna chembe ndogo za kalsiamu, na zikitoka mahali pake zikaingia kwenye mifereji ya mizani, kila ukigeuza kichwa ubongo unadhani unazungushwa. Akanigeuzageuza kichwa kwa utaratibu, njia iliyobuniwa na daktari Mmarekani John Epley, muda usiofika dakika kumi. Nikainuka sina kisunzi. Bure, bila dripu! Watu wenye MS nao hupatwa na shida hii ya sikio kama watu wengine, na tuko wengi tunaoweza kumezeshwa steroidi kwa kosa la chembe za sikio. Omba upimwe hivyo kwanza, hasa kama kisunzi chako kinakuja kwa kugeuka na kinakwisha upesi.

Tangu mwishoni mwa mwaka ule natumia rituksimabu, dripu moja kila miezi sita, Dar es Salaam. Hiyo si ya kutibu shambulio, ni ya kuzuia lijalo. Ndugu walichanga dripu mbili za kwanza, na baba aliuza minazi. Mwezi wa saba mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliiingiza dawa hiyo, pamoja na kladribini na glatirama, kwenye orodha yake ya dawa muhimu kwa ajili ya MS. Ilikuwa mara ya kwanza kwa ugonjwa wetu kuwekewa dawa kwenye orodha ile. Niliposoma habari hiyo nilimpigia baba simu. Alinyamaza kidogo, akauliza kama hiyo maana yake bei itashuka. Nilimwambia ni mlango tu, sisi ndio wa kuendelea kuugonga.

Siku hizi Januari naipokea kwa mipango. Sare nachukua nusu ya zile nilizokuwa nikichukua. Nafungua kibanda saa kumi na mbili asubuhi, nafunga saa tano jua likiwa kali, narudi alasiri. Chini ya cherehani kuna beseni la maji, na begani kanga mbichi. Mstari wa chaki kwenye gurudumu nauchora upya kila Jumamosi ingawa mguu umerudi.

Juzi yule binti, ambaye sasa anakata mwenyewe, aliletewa lesi ya harusi, yadi tano, ya bei kubwa. Nilikuwa napiga pasi sikumwambia kitu. Aliikunjua, akaigeuza mara mbili, akasita. Kisha akaiinua akaipitisha shavuni, polepole, macho yake yako mbali, na ndipo akachukua mkasi.